Sindano za Kurudisha Ujana wa Ngozi: Je, Zinafanya Kazi Kweli?

Muuguzi au tabibu anayeishi katika mitaa ya Dodoma anaweza kuletewa ombi hili nyumbani, jioni, baada ya kazi. Jirani anabisha hodi, anaulizia hali ya watoto, kisha anafungua mkoba na kutoa kichupa chenye unga mweupe, maji ya kuchanganyia na bomba la sindano ambalo bado limefungwa. Kichupa kimeletwa na ndugu kutoka Dar es Salaam, au kimenunuliwa kwa muuza vipodozi anayetangaza biashara yake kwa simu. "Dada, wewe si ndiye unayechoma watu kila siku? Nichome tu. Ni ya kurudisha ngozi."

Makala haya yameandikwa kwa ajili ya wote wawili, mwenye kichupa na anayeombwa kuchoma. Swali la kama sindano hizi zinafanya kazi halina jibu moja, kwa sababu jina "sindano ya ngozi" limebebeshwa vitu visivyo na udugu wowote. Kimoja hulegeza misuli, kingine hujaza nafasi iliyobonyea, cha tatu ni damu ya mgonjwa mwenyewe. Vingine ni vitamini, na vingine havihusiani kabisa na uzee wa ngozi bali vinakusudiwa kuifanya iwe nyeupe. Baadhi hufanya kazi iliyothibitishwa, kwa muda. Baadhi havijaonyesha faida yoyote vilipopimwa kwa uaminifu. Kabla ya kuvitenganisha, ni vyema tuelewe ngozi inazeekaje, hususan ngozi nyeusi chini ya jua la nyanda za kati.

Tabaka la juu la ngozi ni ukuta. Chini yake kuna tabaka nene lililofumwa kwa nyuzi za protini iitwayo kolajeni, ambazo huipa ngozi uimara, pamoja na nyuzi za elastini ambazo huiwezesha kurudi mahali pake inapovutwa. Katikati ya nyuzi hizo kuna asidi ya hailuroniki, ute unaoshika maji. Kuanzia ujana wa utu uzima kolajeni hupungua kwa kiasi cha asilimia 1 kila mwaka, na mwanamke anapokoma hedhi hupungua kwa kasi: katika miaka mitano ya kwanza anaweza kupoteza karibu theluthi moja. Hayo ni mapito ya umri, na hayana anayeweza kuyakwepa. Jua ni habari nyingine. Miale ya urujuanimno huzikata nyuzi za kolajeni na kuzizuia seli kufuma nyingine, na sehemu kubwa ya kile tunachokiita uzee usoni ni kazi yake.

Mwaka 2012 jarida la The New England Journal of Medicine lilichapisha picha ya dereva wa lori wa Marekani, mzee wa miaka 69, aliyeendesha kwa miaka 28. Shavu lake la kushoto, lililokuwa upande wa dirisha, lilikuwa limekunjamana kana kwamba ni la mtu mwingine mwenye umri mkubwa zaidi. Kioo cha dirisha huzuia miale inayobabua, lakini miale inayopenya hadi tabaka la kolajeni hupita. Kwetu usukani uko kulia. Dereva anayepita Dodoma kila wiki kuelekea Singida na Nzega na alichunguze shavu lake la kulia.

Mji wa Dodoma uko nyuzi 6 hivi kusini mwa Ikweta, mita zipatazo 1,100 juu ya usawa wa bahari. Mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba, jua la adhuhuri husimama wima utosini, na Oktoba hakuna mawingu wala majani ya kulipunguza. Mwinuko nao una mchango wake, kwani kila mita 1,000 za kupanda huongeza miale hiyo kwa takriban asilimia 10. Anayepogoa mizabibu Hombolo au kuchunga mbuzi Bahi yumo ndani ya miale hiyo siku nzima.

Kinachotuokoa ni melanini, rangi yetu. Vipimo vilivyofanywa tangu miaka ya 1970 vilionyesha kwamba ngozi nyeusi hupata kinga ya mara 13 hivi dhidi ya miale inayobabua, ilhali ngozi nyeupe hupata mara 3 tu. Ndiyo maana makunyanzi madogo huchelewa kwetu, pengine kwa miaka kumi au zaidi. Uzee wa ngozi nyeusi hujitokeza kwa sura nyingine: madoa, rangi isiyolingana usoni, mashavu yanayoshuka. Hoja hii ina uzito katika mjadala wetu. Sindano nyingi zinazotangazwa zilibuniwa na kupimwa kwa watu weupe ambao shida yao kuu ni mikunjo. Mwanamke wa miaka 45 wa Kizota au Chang'ombe ambaye kero yake ni madoa meusi mashavuni anauziwa tiba ya maradhi ambayo hana.

Sindano zenye ushahidi

Inayofahamika zaidi duniani ni ya botulinamu, ambayo wengi huiita Botox kwa jina la mtengenezaji mmoja. Ni sumu ya bakteria, ile ile inayoua watu waliokula chakula cha kopo kilichoharibika, ikitumika kwa kiasi kidogo mno. Huuzuia mshipa wa fahamu usitoe kemikali inayouamuru msuli ujikaze. Ilianza kama dawa ya makengeza na ya kope zinazojifumba zenyewe, na Marekani iliiidhinisha kwa magonjwa hayo mwaka 1989. Jean Carruthers, daktari wa macho wa Vancouver, alibaini kwamba wagonjwa wake wa kope walikuwa wakipoteza mikunjo ya kati ya nyusi. Yeye na mumewe Alastair, daktari wa ngozi, walichapisha matokeo yao mwaka 1992. Idhini ya kuitumia kwa mikunjo hiyo ilitolewa Marekani mwaka 2002.

Je, inafanya kazi? Ndiyo, bila shaka yoyote, kwa mikunjo inayoletwa na misuli. Huanza kuonekana baada ya siku chache, hufikia kilele wiki ya pili na kuisha baada ya miezi mitatu hadi minne. Lakini haiifanyi ngozi kuwa changa. Haiondoi doa na haiongezi kolajeni kwa kiwango cha kutegemewa. Kazi yake ni kuutuliza msuli ulio chini. Mhudumu wa chanjo ataelewa upesi tatizo lake jingine, nalo ni mnyororo baridi. Kichupa kinatakiwa kukaa kati ya nyuzijoto 2 na 8, na kilichosafiri kwa basi kutoka pwani ndani ya mfuko wa nguo hakina mdhamini. Tena kuna bandia: mwaka 2024 mamlaka za afya za Marekani ziliripoti watu 22 katika majimbo 11 walioumwa baada ya kuchomwa botulinamu isiyo halali au na watu wasiostahili, wengine wakishindwa kumeza na kupumua vizuri. Dawa ya kuibatilisha sumu hiyo haipatikani katika kituo cha afya cha kawaida.

Ya pili ni vijazio vya asidi ya hailuroniki. Ni ute ule ule ulio katika ngozi zetu, umeunganishwa kiwandani ili usiyeyuke haraka, kisha unachomwa pale palipobonyea. Marekani iliuidhinisha kwa mara ya kwanza mwishoni mwa mwaka 2003. Hudumu kati ya miezi sita na mwaka mmoja na nusu, kutegemea aina na mahali. Hapa neno "kufufua" lina ukweli kidogo. Mwaka 2007 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan waliwachoma watu 11 kwenye ngozi ya mkono iliyoharibiwa na jua, wakaona kwamba kijazio kilizinyoosha seli zilizolegea nazo zikaanza tena kufuma kolajeni mpya. Ni utafiti mdogo, lakini ulifanywa kwa makini, na unaeleza kwa nini baadhi ya watu hubaki na nafuu hata ute ukishayeyuka.

Hatari yake ni mahususi na kila mhudumu aijue. Kijazio kikiingia katika mshipa wa damu, hasa karibu na pua au kati ya nyusi, huuziba. Ngozi hufa, na ute ukirudi nyuma hadi mishipa ya jicho, mtu hupofuka kwa dakika chache. Kuna kimeng'enya kinachouyeyusha, hailuronidezi, na anayechoma kijazio bila kuwa nacho mezani hafai kuchoma.

Wahudumu waliofanya kazi katika kliniki za tiba na matunzo miaka ya mwanzo watakumbuka jambo la tatu. Tanzania ilipoanza kutoa dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI kwa mpango wa kitaifa mwaka 2004, dawa mojawapo ilikuwa stavudini, iliyookoa maisha ya wengi lakini ikayala mafuta ya mashavu. Wagonjwa waliona kwamba uso wenyewe ulikuwa umewatangaza, na wapo walioacha dawa kwa sababu hiyo. Mwaka huo huo wa 2004 Marekani iliidhinisha sindano ya asidi ya polilaktiki kwa ajili ya mashavu kama hayo. Huuchochea mwili ujitengenezee kolajeni polepole, kwa miezi kadhaa. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilishauri stavudini iachwe. Nimelitaja hili kwa sababu husemwa mara nyingi kwamba sindano za uso ni anasa ya matajiri. Mgonjwa aliyeficha mashavu yake kwa mtandio ili majirani wasimtambue hakuwa akitafuta anasa, na dharau yetu kwa anayeuliza kuhusu uso wake humpeleka kwa muuza vichupa.

Sindano zenye ushahidi hafifu, na zile zisizo nao

Plazima ya damu ya mgonjwa mwenyewe, iliyozungushwa kwenye mashine ili chembe sahani zijikusanye, imesifiwa kupita kiasi. Jaribio lililochapishwa mwaka 2018 Marekani lilichoma plazima shavu moja na maji ya chumvi shavu la pili, bila washiriki kujua lipi ni lipi. Washiriki wenyewe waliona upande wa plazima umelainika zaidi. Madaktari waliotazama picha hawakuona tofauti. Msomaji na aamue amwamini nani. Kwa maoni yangu hiyo ni faida ndogo kwa gharama kubwa, na masharti ya usalama wake ni makali, kama tutakavyoona.

Mchanganyiko wa vitamini unaochomwa kwa vitundu vingi usoni, ujulikanao kama mesotherapi, ulitokana na mbinu ya daktari Mfaransa Michel Pistor ya mwaka 1952, ambaye alikuwa akitibu maumivu, wala hakushughulika na uzee. Ulipopimwa Marekani kwa watu 10 mwaka 2006, kwa sindano za kila mwezi mara nne pamoja na vipimo vya ngozi chini ya hadubini, haukuonyesha badiliko lolote la maana. Sehemu mbalimbali duniani sindano za aina hiyo zimeacha majipu sugu yanayoletwa na bakteria walio jamaa wa kifua kikuu na ukoma, ambayo hutibiwa kwa miezi. Na katika ngozi nyeusi kila kitundu cha sindano kinaweza kuacha doa, au kwa mwenye asili ya makovu yanayovimba, kovu. Anayechomwa ili kuondoa madoa anaweza kurudi nyumbani na mengine hamsini.

Sasa tukirudie kichupa cha jirani. Unga mweupe, ukichanganywa na maji na kuchomwa mshipani, mara nyingi pamoja na vitamini C: hiyo kwa kawaida ni glutathioni. Ini la kila binadamu huitengeneza. Ni molekuli ndogo inayosaidia seli kupambana na sumu. Hospitalini imewahi kutumika kuwasaidia wagonjwa wa saratani wanaopewa dawa ya sisiplatini. Sokoni inauzwa kama kifufua ngozi, lakini anayenunua anajua anachonunua: weupe. Haina ushahidi kwamba inaondoa mikunjo au kuimarisha kolajeni ya uso.

Na huo weupe? Katika jaribio lililochapishwa Pakistani mwaka 2016 wanawake 50 waligawanywa, nusu wakachomwa glutathioni mshipani na nusu maji ya chumvi. Tofauti kati ya makundi haikufikia kiwango cha kuaminika kitakwimu, na kwa wengi mabadiliko hayakudumu. Kwa upande wa madhara, wanane kati ya 25 waliochomwa dawa walipata hitilafu katika vipimo vya ini, na mmoja alipata mshtuko wa mzio. Mamlaka ya dawa ya Ufilipino, nchi ambamo sindano hizi zilienea mapema, ilikwisha kuwaonya wananchi tangu mwaka 2011, ikitaja madhara ya ini, figo na ngozi inayobanduka.

Hata ingefanya kazi kikamilifu, hapa kwetu ingebaki kuwa hasara. Kuipunguza melanini chini ya jua la Dodoma ni kuivua ngozi kinga yake, yaani kuharakisha uzee ule ule unaokimbiwa. Anayetaka kuona ngozi isiyo na melanini inavyoteseka katika nchi hii atazame watu wenye ualbino, ambao saratani ya ngozi huwaandama tangu ujanani, na ambao kwa ajili yao mafuta ya kuzuia jua hutengenezwa Moshi, katika kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo KCMC.

Wengi wanaoleta kichupa hicho wamepita kwanza kwenye mkorogo. Haidrokwinoni, zebaki na steroidi kali zimeifanya ngozi kuwa nyembamba, yenye mishipa mekundu na weusi wa kijivu mashavuni, nao wanataka sindano ya kuirudisha. Kuichoma ngozi hiyo ni kuongeza kidonda. Mhudumu amuulize mgonjwa kwa upole anapaka nini na kwa muda gani, bila kumfokea wala kumdhihaki. Kama ni steroidi iliyotumika kwa miezi, kuiacha ghafla huufanya uso kuwaka na kuvimba, hivyo apelekwe kwa mtaalamu wa ngozi ili aipunguze kwa utaratibu.

Hatari ya bomba na hatari ya sebuleni

Mwezi Aprili 2024 kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani kilieleza kisa cha saluni moja isiyo na leseni huko New Mexico, ambako wateja walichomwa plazima ya damu usoni. Wachunguzi walikuta mabomba yaliyopaswa kutumika mara moja yakirudiwa, na vichupa vya damu visivyo na majina ndani ya jokofu lenye chakula. Wateja waliambukizwa VVU. Ilikuwa mara ya kwanza maambukizi ya VVU kuthibitishwa kutokana na sindano za urembo, na yalitokea katika nchi yenye maabara za kutosha kufuatilia virusi kwa vinasaba. Kwetu, ambako homa ya ini aina ya B ni ya kawaida zaidi, kisa kama hicho kingeweza kupita bila mtu kujua chanzo.

Kisheria mambo hayana utata mkubwa. Tangu mwaka 2019 vipodozi vinasimamiwa na Shirika la Viwango Tanzania, na dawa na vifaa tiba vinasimamiwa na TMDA. Kitu kinachoingia mwilini kwa sindano ni dawa, hata kikiuzwa dukani kando ya losheni na kucha za bandia. (Kucha hizo zenyewe zilifika bungeni hapa Dodoma mwezi Septemba 2018, Spika Job Ndugai alipowakataza wabunge kuingia nazo, pamoja na kope za bandia. Vichupa vilistahili kelele kubwa zaidi.) Muuguzi anayemchoma jirani sebuleni hana jalada, hana adrenalini ya kumwokoa akipata mshtuko, na hana jibu akiulizwa na baraza lake. Jibu la ombi la jioni ni hapana, likifuatiwa na kiti na mazungumzo.

Katika mazungumzo hayo yapo ya kumpa jirani. Huko Nambour, Australia, watu wazima 903 walifuatiliwa kwa miaka minne na nusu. Waliopaka mafuta ya kuzuia jua kila siku walizeeka ngozi kwa asilimia 24 pungufu kuliko waliopaka walipojisikia. Washiriki wengi walikuwa weupe, na kwa mweusi faida upande wa mikunjo huenda ikawa ndogo, lakini kwa madoa mafuta hayo ni ya lazima. Yale yenye rangi ya udongo yanafaa zaidi, kwa kuwa oksidi ya chuma iliyomo huzuia pia mwanga wa kawaida, ambao huyakoleza madoa ya ngozi nyeusi. Kofia pana, mwavuli na kanga kichwani havina bei ya kutisha. Krimu ya tretinoini, iliyochunguzwa tangu miaka ya 1980, huongeza kolajeni na kupunguza madoa kwa miezi kadhaa ya matumizi ya usiku. Itolewe na daktari, wala isitumiwe na mjamzito.

Na kama jirani alikwisha kuchomwa kwingine? Maumivu makali baada ya kijazio, ngozi inayopauka au kuwa na michirizi ya zambarau, au kuona giza, ni dharura ya saa hiyo hiyo, na mgonjwa akimbizwe hospitali ya rufaa. Kope kulegea, sauti kukwama na kumeza kwa shida siku chache baada ya botulinamu, vivyo hivyo. Macho ya manjano, mkojo mweusi au malengelenge mdomoni baada ya dripu ya glutathioni, dripu isimame na ini na figo vipimwe. Aliyechomwa kwa bomba lenye mashaka apewe dawa za kinga dhidi ya VVU ndani ya saa 72, apimwe homa ya ini B, na arudi kupimwa tena. Kichupa kisitupwe hata kikiwa kitupu: kiletwe na mgonjwa, namba ya toleo inakiliwe kwenye fomu ya njano ya TMDA, na kibaki kituoni mpaka wakaguzi wakichukue.